Picha ya Kondoo Kwenye Kona

Orrin Tveit alilala kifudifudi kando ya lami, kamera ameiegemeza kwenye kifuko cha maharage makavu, moyo ukimdunda hadi kwenye viwiko.

Kondoo pori walikuwa wameshateremka kutoka majabalini. Wengine walipiga magoti katikati ya barabara wakilamba chumvi, ile inayomwagwa na wakubwa wa barabara kila theluji ikianguka, ili magari yasiteleze. Wakubwa wenyewe hawaishi huku milimani. Wangeishi, wangejua chumvi inamwita kondoo. Arlette, mke wa Orrin, alifia kwenye kona hii hii akimkwepa kondoo, na mpaka leo hawajaweka hata uzio.

Picha za kwanza alizowapelekea wakubwa hao ili waone hatari, walizitazama kama kadi za Krismasi. Kijana mmoja mwenye tai akasema lenzi ndefu huvuta vitu vikaribiane, kondoo hawako karibu na kona kiasi hicho, mzee anawapiga changa la macho. Basi leo Orrin amekuja na lenzi pana, isiyovuta kitu. Ila lenzi pana inakutaka uwe pale pale alipo mnyama.

"Shemeji, rudi nyuma!" Lonnie, kaka yake Arlette, alikuwa juu ya tuta akiangalia magari. "Unataka dada yangu akucheke huko aliko?"

"Ameshanicheka vya kutosha. Nyamaza, utawashtua."

"Washtuke tu! Nahofia maisha yako, kichwa maji!"

Madume wawili waliacha kulamba. Mmoja alinyoosha shingo, akapinda kichwa kuonyesha pembe zake, akamchapa mwenzake teke la mguu wa mbele. Kisha wakapeana mgongo, wakatembea kama watu waliomaliza ugomvi. Orrin aliwajua. Hapo ndipo wanapoanza kupigana kweli.

Aliisogeza kamera kidogo. Madume upande mmoja, kona upande wa pili, weupe wa chumvi ukiwaunganisha. Kilichokosekana ni gari. Aliliomba lije, na papo hapo akaogopa alichokiomba.

Lori likachomoza konani. Ndani ya kamera lilikuwa dogo kama kiberiti.

Bado mbali, alijiambia. Madume wakageuka. Bado. Wakasimama kwa miguu ya nyuma.

"Orrin! Toa jicho hapo! Toa jicho!"

Akalitoa. Lori lilikuwa limeziba mbingu. Lenzi pana hufanya vya mbali vionekane mbali zaidi; ilikuwa imelisukuma nyuma naye akaiamini, yeye aliyeshika kamera tangu ujana wake. Kidole kilibonyeza chenyewe. Pembe zikagongana kwa mlio wa mti unaopasuka, breki zikalia, trela likaanza kuja ubavu ubavu. Orrin alijibiringisha mtaroni, theluji ikamjaa mdomoni. Alisubiri kufunikwa. Badala yake honi ilimpita, ikateremka mlima, ikafifia. Lori lilikuwa limejinyoosha; mteremko ule haumpi mtu nafasi ya kusimama.

Lonnie alimkwida ukosi. "U mzima? Sema kitu, mzee mjinga wewe!"

"Kondoo?"

"Wamepanda jabali, wote. Umepata picha?"

Waliitazama pamoja, vichwa vikigusana. Kila kitu kilikuwa mahali pake, wazi kabisa. Lori lilikuwa nyuma kabisa, dogo, tulivu, kana kwamba linapita nchi nyingine. Madume walionekana wanacheza.

"Nzuri," Lonnie alisema. "Ya kalenda."

Orrin alikuwa akimsikia kichwani yule kijana mwenye tai: Hatari iko wapi hapa, mzee?

Kokoto zikaporomoka. Kondoo jike mmoja mzee alikuwa ameshateremka tena, anaijaribu lami kwa ukwato. Wengine wakamfuata nyuma. Ng'ambo ya kona, injini nyingine ilisikika ikibadilisha gia.

"Shemeji," Lonnie alinong'ona, "mwanga bado upo. Piga kutoka kule juu ya tuta."

Orrin aliinua kamera hadi jichoni. Ila safari hii alikuwa anajua umbali wenyewe. Aliiweka kamera juu ya theluji, akavua koti lake jekundu, akaingia katikati ya barabara, akaielekea kona huku akilipunga.

"Orrin! Kuna barafu hapo, dereva hawezi kusimama!"

"Basi wafukuze hao kondoo!" alipiga kelele bila kugeuka, na taa za gari zikamulika jabali.