Alama za Uongo kwenye Kitanda cha Baba Mkwe

…kitanda cha pili, Sista bado yuko cha pili, anamuuliza mzee wa Ibaba, "Umegeuzwa?", na akisema hapana tu shuka linafunuliwa, na cha sita ni baba mkwe wangu, Ee Mungu wangu, akifunuliwa yule nimekwisha, pua yangu imeshajua, tangu asubuhi nainusa, nyama inayoanza kuharibika, na karatasi pale miguuni inasema kageuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, kasuguliwa spiriti mgongoni, kapakwa poda, siku tatu, alama zote mkono wangu, muongo mkubwa wee Roda, hata shuka lake sijaligusa, na usiku wadi ina mlinzi tu, lakini nitamshikaje, mtu ambaye tangu niolewe nikimwona njiani naingia kwenye mibuni mpaka apite, ndiyo mila yetu, mkamwana hamkaribii mkwe, leo nimshike kiuno, jamani… "Nesi Roda, beseni!" naleta, maji yananimwagikia miguuni, Danford anipokea, dresa mpole huyu, mfunga vidonda wetu, ningemwambia neno moja tu, kaka, nigeuzie yule mzee, angemgeuza, ila Sista alishasema, hapa hakuna wakwe, kuna wagonjwa, asiyeweza akalime kwao, nikaogopa, nikachukua penseli… na Efraimu, alipomleta baba yake kwa machela, mzee nyonga imevunjika, kabla hajarudi mgodini Saza akaniambia, mke wangu, baba namwacha kwako, Jumamosi anakuja, nimwambie nini mume wangu, nimwambie nini… cha tatu sasa, "Umegeuzwa, mzee?", jana alimuuliza na baba, nikajibanza nyuma ya mlango, naye akaelekeza uso ukutani, akasema, "Ndiyo Sista, nimegeuzwa vizuri," vizuri! mzee wa kanisa, hajawahi hata kudanganya uzito wa kahawa yake, nami nikashukuru, nikashukuru kabisa, mshenzi mimi, anaoza kwa ajili yangu, anauma meno kimya ili mkamwana wake asifukuzwe… na leo atasema hivyo hivyo, eti vizuri, Sista atampita, kesho atampita tena, mpaka siku tutakapomtoa humu kafunikwa uso, mama yangu wee, kumbe hiyo 'ndiyo' yake inatisha kuliko Sista, kuliko kurudi kulima… nalitwaa tena beseni kwa Danford, lagonga kitanda, Sista bado kainamia cha tatu, Danford kashika shuka, na mimi nitasema, sauti itoke isitoke, nitasema mimi, kabla baba hajafungua mdomo.