Kibendera cha Amand Roptin

Gildas Roptin alicheza mpira wa kulipwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote baba yake hakufika uwanjani kumwona hata siku moja. Tuseme ukweli, hakuwa beki wa kuandikiwa nyimbo. Alikuwa beki wa kati wa daraja la pili, mtu wa kuruka na kupiga kichwa, na wa kuvuta jezi ya mshambuliaji pale refa alipogeuza shingo. Daraja la kwanza alilionja msimu mmoja tu, timu ikashuka naye. Lakini mkate wake aliula kwa jasho lake, na kila Ijumaa ya mechi ya nyumbani aliacha getini bahasha yenye tiketi mbili.

Tiketi moja aliitumia mama yake mpaka alipofariki. Alikuwa akifika mapema, analaza koti lake kwenye kiti cha pili, na Gildas akitazama jukwaani aliliona lile koti limekaa mahali pa mtu. Baba yake, Mzee Amand, alibaki kijijini Saint-Brandoc na ng'ombe wake arobaini. "Ng'ombe hawajui Ijumaa," alikuwa akisema kwenye simu, kisha anahamia kwenye mvua, kwenye majani, kwenye ndama aliyezaliwa kwa shida. Gildas naye anauliza hali ya ndama. Mpira hautajwi. Simu ikikatwa anabaki ameketi kitandani, ana kiu ya neno moja tu: umecheza vizuri, umecheza vibaya, lolote lile.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alipotimiza miaka thelathini na sita, goti la kulia limeshashonwa mara mbili, alirudi Saint-Brandoc na kujiandikisha kwenye timu ya kijiji, inayocheza Jumapili kati ya shamba la mahindi na makaburi. Watu walidhani ni mapenzi ya kwao. Yalikuwepo, sikatai. Lakini hesabu yake ilikuwa nyingine. Mzee alikuwa ameuza ng'ombe kiangazi kile kile, na tangu zamani ndiye aliyekuwa mshika kibendera wa timu. Madaraja yale ya chini hayapelekewi waamuzi watatu. Refa huja peke yake, na kila timu humtoa mtu wake ashike kibendera upande wa mabeki wake. Maana yake, kila Jumapili Mzee angekuwa hatua chache tu kutoka kwa mwanawe, hana pa kukimbilia.

Na kazi ya kibendera hicho kila mtu anaijua. Mshambuliaji wa wageni akipenya, kiinuke kwanza, habari za haki zitazungumzwa baadaye kwenye bia. Wageni nao kwao hufanya vivyo hivyo. Hakuna anayeuita wizi. Ni kama kumwongezea nyama mtoto wa nyumbani.

Msimu ukaenda. Kila Jumapili jioni baba na mwana walikunywa supu kwenye meza ile ya zamani, na kila Jumapili Gildas alitega sikio kwanza, kisha akauliza mwenyewe.

"Umeionaje mechi, Baba?"

"Mimi naangalia mstari," Mzee alijibu. "Mpira nitauona saa ngapi? Hebu nisogezee mkate."

Ikafika Jumapili ya mwisho ya Mei. Saint-Brandoc walihitaji sare tu wasishuke daraja. Nahodha wao, Erwan, mwoka mikate wa kijiji na beki mwenzake Gildas, alikuwa akifunga kamba za viatu kwa vidole vyenye unga kwenye kucha.

"Babu Gildas, leo usipande na mpira," alisema. "Ukipanda, nani atakushusha?"

"Wewe kaa na unga wako."

"Nakaa. Ila mwambie mzee wako mkono wa kibendera aupake mafuta. Leo tutauhitaji."

Hadi dakika ya themanini na nane walikuwa sare, bao moja kwa moja. Wageni wakapata mpira katikati, na Gildas akaona mapema kile ambacho beki mkongwe hukiona: pasi ndefu inakuja kwa mshambuliaji wao mfupi, yule aliyekuwa akimsumbua tangu mwanzo. Akapiga kelele mabeki wote wapande pamoja, wamwache nyuma ameotea. Wakapanda. Gildas akanyoosha mkono juu, kama alivyounyoosha mara elfu katika viwanja vikubwa zaidi, na akageuka kumtazama baba yake.

Mzee Amand alikuwa amesimama wima, kofia kichwani, kibendera kimelala kwenye paja lake.

Mfupi yule akaenda peke yake, akamlambisha kipa nyasi, akafunga. Refa alimtazama Mzee mara moja, akamtazama tena kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha. Kibendera hakikusogea. Refa akaonyesha katikati.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mechi iliisha mbili kwa moja, Saint-Brandoc wakashuka daraja, na Erwan akatembea moja kwa moja hadi pembeni.

"Mzee Amand, hicho ulichoshika ulidhani ni mwavuli?"

"Hakuotea."

"Nani amekuuliza kama ameotea?"

 Mzee alikunja kibendera chake vizuri, akaondoka taratibu kuelekea kibanda cha nyuma ya goli, anakohifadhi mashine ya kuchorea mistari kwa chokaa. Watu walimpisha bila kumsalimia, watu aliokuwa akiwachorea uwanja kwa miaka thelathini. Gildas alipita kwa Mama Odette, anayeuza soseji iliyoviringishwa kwenye chapati ya maji, akaagiza mbili. Odette akampa moja.

"Hiyo yako," alisema. "Ya baba yako hakuna."

Kibandani Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo, anasugua chokaa kavu kwenye magurudumu. Gildas akaegemea mlango. Goti lilikuwa linamwuma hadi nyongani.

"Baba, ungeinua tu."

"Mguu wako wa kulia ulibaki." Mzee akaonyesha kwa vidole viwili. "Kiasi hiki. Wenzako wote wameshapanda. Kiatu chako ndicho kilichomwokoa yule mfupi."

"Ulikiona kiatu?"

"Ndicho nilichokuwa nakiangalia."

"Si unaangalia mstari wewe?"

Mzee akavua kofia, akaichungulia ndani kana kwamba jibu alilisahau humo.

"Nitakwambia kitu, na kikimfikia Erwan nitakikana. Tangu Septemba sijauangalia mstari. Mara tano, sita, nimeinua kibendera kwa kubahatisha, nimesikia watu wanapiga kelele nikajua kuna jambo. Nilikuwa nakuangalia wewe. Leo ndiyo siku pekee nimekuwa na hakika. Sasa siku hiyo moja nayo nidanganye, nitakuwa nimeona nini?"

Gildas alihamishia uzito mguu mzuri. "Bahasha ilikuwepo getini kila mechi."

"Najua. Mama yako aliniambia." Mzee akaendelea kusugua mahali palipokwisha kutakata. "Ng'ombe jirani angewakamua. Siku moja nilimwomba, akakubali, nikavaa na shati. Nikaingia kwenye gari, nikawasha, nikazima. Niliogopa, mwanangu. Watu elfu kumi wanakuzomea, mimi nimekaa huko juu sina la kufanya. Hapa ukianguka nakufikia kwa hatua nane."

Gildas alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Miaka kumi na saba si mchezo, na lile koti juu ya kiti tupu alikuwa bado analiona. Lakini alijikuta anazihesabu zile hatua nane, na hasira ikarudi ilikotoka.

"Mwakani utacheza?" Mzee aliuliza.

"Goti limekataa, Baba. Ya leo ndiyo ya mwisho."

"Nilijua. Tangu Februari unashuka ngazi kwa mguu mmoja." Akaitua kofia gotini. "Basi. Nimepata msimu mmoja."

Gildas aliketi sakafuni kando ya ndoo, mguu mbovu ameunyoosha kwenye vumbi la chokaa. Akaikata soseji katikati kwa mikono, kipande kikubwa akampa baba yake.

"Nisimulie," alisema. "Anzia Septemba. Usiruke hata mechi moja."

Mzee alitafuna kwanza, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Septemba ulikuwa mzito," alisema. "Mzito kama ng'ombe mwenye mimba. Lakini ile mipira ya juu, mwanangu." Akainua mkono, ule ule wa kibendera, hadi ukagusa bati, amwonyeshe alikuwa akiruka kimo gani.