Zamu ya Shangazi Dorkas

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwingine. Mimi, Fortunata, injinia wa kingo za bahari, niliyechora ramani za ufukwe kwa picha za setilaiti miaka kumi na moja, kutoka Tanga hadi Mtwara, niliandika kwa mkono wangu kwamba ndiva ya kijiji chetu imekufa.

Ndiva, kwa asiyetoka Upareni, ni bwawa la udongo walilochimba mababu mlimani. Maji ya chemchemi huingia humo usiku kucha. Kunapopambazuka, mwenye zamu huzibua mlango, maji yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Saa sita mchana mlango hufungwa, bwawa lianze kukusanya maji ya mwenye zamu wa kesho. Nimekua nikiyaona hayo kila siku, tena nimechapwa kwa kuogelea humo.

Mradi mmoja wa kupeleka maji tambarare ulinipa kazi ya kuhesabu ndiva zote za milima iliyo juu ya Hedaru. Ndiva hai ingeachiwa chemchemi yake. Ndiva mfu, chemchemi yake ingeingizwa yote kwenye bomba. Nilikaa Same na kompyuta yangu, nikapitia picha sitini na moja za mwaka mzima, na katika zote ndiva yetu ilikuwa shimo la tope. Nikaandika: haina maji. Kisha nikaenda kunywa chai, roho kwatu.

Jumatatu, nikikamilisha ripoti, ndipo nilipoziangalia saa. Kila picha ilipigwa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Setilaiti ile hupita juu yetu kila baada ya siku tano, saa ileile, haichelewi wala haiwahi. Na saa nne na dakika arobaini ndiva ya kwetu huwa imeshamwaga kila kitu mashambani. Kule pwani, kijana akiniletea ramani ya ufukwe namuuliza kwanza: picha ilipigwa maji yamejaa au yamekupwa? Asipojua, namrudisha nayo. Mganga hajigangi! Nilipofika kwetu nilisahau kwamba hata maji ya mlimani yana saa zake.

Nilimkimbilia Bwana Nassoro, meneja wa mradi. Alinisikiliza vizuri, jambo lililonitisha zaidi.

“Orodha inafungwa Ijumaa,” alisema.

“Nitakuletea picha za simu, kesho asubuhi.”

“Injinia, nikipokea picha za simu, kila kijiji kitaniletea bwawa lililojaa, na nusu ya picha hizo zitakuwa za mwaka juzi. Wewe mwenyewe uliniambia setilaiti haidanganyi. Iniletee picha moja tu yenye maji, nitafuta ulichoandika.”

Setilaiti ingepita mara moja tu kabla ya Ijumaa, yaani Alhamisi. Nikampigia simu Mzee Sadock, mwenyekiti wa ndiva, kumuuliza Alhamisi zamu ni ya nani. Ilikuwa ya shangazi Dorkas, dada wa marehemu baba yangu, mwenye shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji.

Nilimkuta anapalilia. Mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele, lakini majani yalishaanza kujikunja kwa kiu.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Umekonda. Huko Same hawali?”

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kukaa kuliniwia vigumu. Asifungue alfajiri. Asubiri mpaka setilaiti ipite, ndipo azibue. Alishika jembe lake, akiniangalia viatu.

“Nikifungua saa hiyo, mfereji umeshakauka kwa jua, utakunywa maji kwanza wenyewe,” alisema. “Yakifika kwangu, Sadock anafunga. Zamu yangu nyingine ni baada ya siku kumi na mbili. Haya mahindi yatangoja siku kumi na mbili?”

“Hayatangoja.”

“Na hiyo setilaiti haiwezi kuja kesho yake, zamu ya Eliamini? Eliamini ana maharage, tena yameshakomaa.”

“Haichagui, shangazi. Na mbadilishane basi…”

“Zamu haibadilishwi. Unajua hivyo, labda kama kusoma kumekusahaulisha.” Ndipo akaniuliza nilichokuwa nakiogopa. “Ni nani aliyeandika kwamba ndiva imekufa?”

“Ni mimi.”

Alinigeuzia mgongo, akaendelea kupalilia. Nilisimama pale nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya kamati yoyote ya wahandisi. Alifika mwisho wa mstari kabla hajanijibu, na alinijibu bila kugeuka, kwamba Alhamisi nije mapema.

Alhamisi kulipopambazuka ndiva ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Mzee Sadock aliyageuza maji ya chemchemi yapite pembeni, ukuta usije ukalemewa. Shangazi alikaa kando ya mlango, jembe mapajani. Saa moja ilipita, na saa mbili. Watu wa mashamba ya chini walipanda kuuliza kwa nini mfereji mkavu, wakaambiwa, wakabaki. Hakuna aliyenitukana. Bora wangenitukana.

Saa tatu na nusu mbingu ilikuwa safi kabisa. Saa nne kasorobo wingu la kwanza likatokea upande wa mlima Shengena.

Wapare tunayapenda mawingu, lakini lile nililichukia kama mtu. Setilaiti yetu haioni kupitia wingu. Lilijikokota kuteremka mgongo wa mlima, likafunika msitu, likafunika shule, na nyuma yake yalifuata mengine. Saa nne na robo kivuli kilifika ukingo wa ndiva. Sehemu ya maji ilibadilika rangi.

“Shangazi, fungua,” nilisema. “Haitaona kitu. Okoa mahindi yako.”

“Saa ngapi?”

“Nne na dakika kumi na nane.”

“Ulisema arobaini.”

“Nilisema, lakini lile wingu…”

“Fortunata, juzi uliniambia ningoje. Leo unaniambia nisingoje. Kaa chini.”

Nilikaa. Mzee Sadock alivua kofia, sijui alikuwa anasali au anasikia joto. Dakika ishirini na tano, kivuli kilishafunika ndiva yote. Thelathini, upepo ukainuka kutoka tambarare, wingu likaanza kuchanika kama shuka kuukuu. Thelathini na sita, jua likapiga upande wa pili wa maji. Thelathini na tisa, nilisimama bila kujijua, na kila mtu akasimama, tumekodolea macho mbingu ambayo haikuwa na chochote cha kuonekana. Ndiva iling'aa nusu nzima. Tena zaidi ya nusu.

“Imepita,” nilisema dakika ya arobaini na mbili.

Shangazi alizibua mlango kabla sijafunga mdomo.

Nilikimbia na maji yale kuteremka mfereji, nikitoa majani kwa mikono, nikiyasukuma kana kwamba ni ng'ombe. Udongo ulikuwa wa moto na uliyanywa kwa sauti. Saa sita kasoro dakika kumi ulimi wa kwanza uliingia shambani kwa shangazi. Mstari wa kwanza ukalowa, na wa pili. Katikati ya mstari wa tatu maji yakasimama. Mzee Sadock alikuwa amefunga.

Nilipanda tena nikihema, nikamsihi mbele ya watu. Bwawa lilikuwa bado na maji mengi. Saa moja tu zaidi, nilimwambia.

“Hayo ni ya Eliamini,” alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. “Nikiacha mlango wazi leo kwa huruma, mwezi ujao hakutakuwa na ndiva ya kupigwa picha.”

Alasiri ile picha ilifika kwenye kompyuta. Mawingu yalikuwa yameziba karibu mlima mzima, ila kwenye tundu moja ilionekana ndiva yetu, vidoa saba vyeusi vya maji. Bwana Nassoro alivihesabu mara mbili, akafuta nilichoandika, akatia sahihi. Chemchemi ikabaki yetu.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea shangazi ramani ya mwisho, iliyochapwa kwa rangi. Niliichora juu ya picha mpya ya Jumapili, siku kumi baada ya ile Alhamisi. Aliitandika juu ya meza, akaipata ndiva haraka, ya buluu, imeandikwa jina. Kidole chake kikafuata mfereji kuteremka, kikipita mashamba ya kijani, hadi la mwisho, kipande chenye rangi ya majivu na uzi mwembamba wa kijani ukingoni.

“Hili ni langu.”

“Ndiyo, shangazi.” “Naweza kutumia picha ya mwezi uliopita. Lilikuwa la kijani bado. Hakuna atakayejua.”

Aliondoa kidole, akaikunja ramani taratibu kwa mikunjo yake ileile.

“Umeshaandika uongo mmoja juu ya kijiji hiki,” alisema. “Liache lilivyo.”