Injini Iliyooshwa

Injini yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, na ilikuwa chafu kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia katika nyumba ile. Mafuta ya nyonyo yalikuwa yameungua juu yake miaka nenda miaka rudi, yakaganda, yakawa kama gome la kahawia. Mzee aliipenda hivyo hivyo. Alipohamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mkewe, alikuja na begi moja la nguo, sanduku la zana, ndege tatu za mfano za mbao nyepesi, na injini hiyo iliyozirusha zote kwa zamu, ikiwa imefichwa ndani ya soksi.

Mkazamwana wake, mama wa nyumba ile, alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi yake ilikuwa mashuka, mvuke na sabuni, na mumewe alizoea kuwaambia wageni kwamba ukimwachia mke wake mkaa jioni, asubuhi utaukuta mweupe. Basi Mzee alipokwenda kumsalimu dada yake akalala huko, mama aliitoa injini kwenye soksi. Akaichemsha kwenye sufuria kuukuu, akaisugua kwa mswaki, akaianika juani. Hakuwa mjinga, alijua chuma chenye maji hushika kutu, kwa hiyo akaidondoshea mafuta ya cherehani kila tundu. Ilipomaliza kukauka iling'aa kama kijiko kipya. Akaiweka sebuleni kwenye rafu, pembeni ya picha ya harusi.

Mzee aliporudi aliitazama kwa muda mrefu, kofia bado ikiwa mkononi.

"Umefanya kazi kubwa, mwanangu," alisema.

Mama akaona ameshukuriwa, akaenda zake jikoni.

Jumapili iliyofuata Mzee alirudi kutoka uwanjani, alikokwenda kurusha kila Jumapili, na ndege iliyovunjika bawa. Injini ilikuwa imewaka vizuri, ndege ikapaa, kisha injini ikazima hukohuko hewani. Alilitengeneza bawa kwa gundi, akarudi tena Jumapili nyingine, mambo yakawa yale yale. Mwanawe alipomuuliza, alijibu kuwa tatizo ni masikio. Injini ya namna ile haina saa wala taa ya kukuonyesha hali yake. Unazungusha sindano ya mafuta kidogo kidogo na kusikiliza, mpaka sauti isiwe nzito wala isiwe kali. Masikio yake, alisema, yamefika mwisho wa safari, na mtu asiyesikia hana haki ya kurusha kitu juu ya vichwa vya watu. Alikwishazungumza na Rubani, mwuza matairi mmoja, mrushaji mwenzake wa pale uwanjani, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndege zake zilianguka kuliko za mtu yeyote. Jumamosi angekuja kuchukua injini na ndege zote.

Mama hakupinga, ila lilimkaa rohoni. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo Mzee alikula haraka haraka kama mtu mwenye pa kwenda. Siku nyingine alikaa kwa adabu, akishukuru kwa kila kikombe, akiomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Ukimnyang'anya Jumapili, atabaki nini? Mgeni tu, anayengoja chakula.

Ijumaa jioni mama alikuwa akiosha vyombo huku maji ya bomba yakimwagika. Akamnong'oneza mumewe kwamba kule hospitali kuna daktari wa masikio asiye na maringo, wampeleke Mzee kwa ujanja, wamwambie wanakwenda kununua viatu.

"Viatu ninavyo," Mzee akajibu kutoka barazani.

Mume akacheka mpaka akashika meza. Mama hakucheka. Alifunga bomba, akasimama na sufuria mkononi akiwaza. Sikio lililopenya ukuta na maji likanasa mnong'ono, lingeshindwaje kusikia injini inayolia kama filimbi? Akafuta mikono, akaichukua injini kwenye rafu, akatoka nayo barazani.

"Baba, iwashe niisikie."

Mzee alisema watawasumbua majirani. Mama akamwambia majirani wamemvumilia yeye mwenyewe na redio yake miaka yote, watavumilia na hili. Basi Mzee akaifunga kwenye ubao wake wa majaribio, akatia mafuta, akazungusha pangaboi. Ikawaka. Mwanzoni ilinguruma sawasawa, kisha, bila mtu kuigusa, sauti ikaanza kupanda, ikapanda, ikawa kali kama jino linalochongwa, halafu ikazima yenyewe.

Mama aliijua sauti hiyo. Pampu ya kazini ikivuta hewa hupandisha sauti vilevile, na hapo humwita fundi wa mabomba kabla haijaungua. Akaleta beseni la maji ili atafute pale hewa inapoingia. Injini ilipopoa, akaziba tundu la moshi kwa kipande cha mpira, akachomeka mrija mdomoni mwa kabureta, akaizamisha na kupuliza. Povu likatoka kwenye mfuniko wa nyuma. Povu jingine, jembamba kama uzi, likatoka shingoni mwa kabureta.

Akainua uso kumwonyesha baba mkwe wake. Mzee hakuwa anaangalia beseni. Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Baba. Ulijua."

Mzee akakuna kidevu. Alianza kusema habari ya masikio, akaona haitafika mbali, akaiacha njiani. Kisha akaeleza taratibu, kama anayemsemea mtu mwingine. Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio iliyokaa nyuma ya injini, ilipikwa pamoja na injini. Pete ya mpira ya shingoni ilikauka. Na yale magamba ya kahawia hayakuwa uchafu. Kwenye injini iliyozeeka kama ile, ndiyo yaliyokuwa yameziba kila mwanya, nje na ndani. Sasa hewa inaingia ubavuni, mafuta yanapungukiwa, injini inapata joto na kuzima. Alilijua hilo tangu alipoiona inang'aa pale rafuni.

Mama alihisi masikio yake yeye ndiyo yanawaka moto. "Si ungeifunga upya?"

"Ningeifunga, ungeiosha."

"Ungeniambia nisiioshe."

"Nikwambie vipi?" Mzee akasema. "Nimekuja kwako na begi moja. Unanifulia, unanipikia, sukari ya chai yangu unaijua kuliko mimi. Nikutazame usoni nikwambie umeniharibia injini?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo. Baba yangu mzazi angenikimbiza na kandambili mpaka barabarani, kisha angerudi tukala. Wewe unataka kuachia ndege zako zote ili mimi nisinune?"

Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika, na mama alidhani analia mpaka alipomsikia anacheka.

Walikaa mezani jikoni usiku ule ule, kwa sababu ndipo palipo na taa nzuri. Mzee alilaza karatasi ngumu ya bahasha juu ya mfuniko, akaisugua kwa kidole chenye mafuta mpaka kingo zikajichora, akaikata kwa wembe. Pete mpya ya mpira ilikuwepo kwenye sanduku siku zote. Wakailowesha gasketi katika mafuta ya nyonyo, wakaipanga mahali pake, na mama akaomba afunge skrubu yeye. Mzee akamwelekeza kwa lugha ile ile ya mgeni: tafadhali mwanangu, kama hutajali, polepole kidogo. Mama akafunga kwa nguvu, kama anavyofunga valvu za kazini.

"Wewe!" Mzee akampokonya bisibisi. "Hii ni injini au geti? Bati laini hili, utakata uzi wote wa skrubu. Kona kwa kona, kidogo hapa, kidogo kule. Mbona mkaidi hivyo, hukufundishwa kwenu?"

Mume alichungulia mlangoni, macho yamemtoka. Mama alimpa ishara aondoke. Alifunga kona kwa kona kama alivyoambiwa, akiinamisha uso ili Mzee asione jinsi alivyofurahi.

Rubani alipofika asubuhi na boksi lake, aliikuta injini iko kwenye ubao inanguruma, sauti imetulia, Mzee kaiinamia akizungusha sindano kwa ncha za vidole. Moshi ulikuwa umejaa baraza nzima. Rubani alisikiliza, akauliza kama biashara bado ipo.

"Haipo," Mzee akasema. "Na usogee, unaniziba mwanga."

Mafuta ya kahawia yalikuwa yakitiririka ubavuni mwa injini, yakirukia ubao, sakafu na blauzi ya mama. Mkono wake ukanyanyua kitambaa wenyewe.

"Mama," Mzee akasema bila kugeuka, "hicho kitambaa usikilete hapa."

Mama akakitupia begani, akaenda kuloweka blauzi.