Mkanda wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alipanda kitanda cha zahanati akihema. Muuguzi alipompandisha gauni, alishusha pumzi kama mtu aliyeona mtoto kamwaga maji pale pale alipotoka kupadeki. Kiuno cha mama wa watu kilikuwa kimebanwa na mkanda wa turubai, mshono juu ya mshono, lastiki nene kama tairi.

"Mama, hii nini tena?"

"Si ulisema kizazi kimeshuka? Nimekishikilia. Kitu kikilegea, mwanangu, kinabanwa."

"Hiyo ni kwenye sketi, mama. Ukiibana tyubu ya dawa ya meno katikati, inatokea wapi?"

Fundi akautazama mkanda wake. Ndiyo maana wiki nzima kile kivimbe ukeni kilikuwa kikizidi kujitokeza, naye akizidi kukaza mkanda. Hofu yake ilikuwa kisu tu.

"Sasa nitapasuliwa?"

"Nani kasema? Nilisema tujaribu pete ya mpira ya kukishikilia kizazi kwa ndani, uache kubeba majora ya vitambaa, na ukaze misuli ya chini kama unazuia mkojo. Misuli, mama. Si lastiki."

Mkanda ukafunguliwa, pete ikawekwa. Fundi akasimama, akakohoa, akachuchumaa. Kizazi kikatulia mahali pake. Akatabasamu, lakini macho yakamkimbilia mlangoni.

"Kuna nini tena?" muuguzi akauliza, hoi.

"Wifi yangu yuko nje. Chake nacho kimeshuka, ila anaona haya kusema. Nikamshonea mkanda wake."

Muuguzi akavaa glavu nyingine. "Mwite. Na aingie ameshauvua."