Mlango Uliosingiziwa

Jumatatu asubuhi Kezia Adongo alikuwa akipanga viti katika ofisi yake ya ushauri nasaha pale mtaani Jericho, juu ya bucha, mlango ulipoingia. Si kwamba ulifunguka, uliingia. Ulikuwa wa mbao za saiprasi, kitasa kimelegea, na ulikuwa umetembea kutoka Komarock. Akina mama waliokuwa wakingoja walilalamika tu kwamba umechukua nafasi ya watu wawili kwenye benchi.

"Karibu," alisema Kezia. "Una shida gani?"

"Nasingiziwa," ulisema mlango. "Mimi ni mlango wa Mutie. Kila mkewe Mwongeli akija hapa jicho limevimba, anasema amejigonga kwangu. Madam, huyo mama sijawahi kumgusa. Nikimwona anakuja, mimi hufunguka mapema."

Katika kazi hii Kezia alikuwa amesikia habari za milango mingi, na sinki, na sakafu za bafu zinazoteleza. Alifunzwa asibishane na mteja; angoje aseme mwenyewe, hata wakizeeka wote wawili. Siku hiyo alichoka kungoja, na nani atamlaumu? Siri ya mtungi aijuaye kata. Akaitisha kikao cha familia ya Mutie Jumamosi, akauomba mlango uje.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Mutie, nyumba ikiwa haina mlango, kwa hiyo majirani walisikia vizuri. Mzee Nzivo, baba mkubwa wa Mutie, aliyekuja na wazee wenzake, aliomba sala ndefu. Kisha mlango ukaeleza yote: ngumi, mshipi, nani alipiga na nani alilia. Mwongeli, aliyekuwa ameinama tangu sala, aliinua uso.

"Ni kweli," alisema. "Ni yeye."

Kezia alifurahi, masikini, akadhani yameisha.

Mzee Nzivo alikohoa. "Huu mlango ni wa nani?"

"Ni wangu, mzee," alisema Mutie. "Nilinunua mwenyewe."

"Na ulitoka hapa na ruhusa ya nani?"

"Ya mtu hakuna. Wiki nzima tunalala wazi."

Wazee walitoka nje kushauriana, wakarudi wakiwa wameshakunywa chai. Mlango ulipatikana na kosa la kutoroka na kutoa mambo ya ndani, ukafukuzwa. Mutie alipewa pole. Mwongeli aliambiwa ampikie mumewe vizuri, kwani mwanamume aliyelala bila mlango hana amani. Mbuzi akachinjwa, na kwa kweli alikuwa mtamu.

Mutie alienda soko la Gikomba akarudi na mlango wa chuma usio na maneno, komeo lake likiwa nje. Ule wa saiprasi Kezia aliupachika kwenye fremu ya ofisi yake, akaukazia kitasa.

Mwezi uliofuata Mwongeli alirudi kwa Kezia, mkono umefungwa kwa leso. Mlango ulifunguka mapema. Alisema safari hii ameanguka kwenye ngazi.

Mlango uliguna. Nyumba ya Mutie haina ngazi.

Kezia hakubishana. Alimimina chai, na mlango ukajifunga polepole, ukajikomea kwa ndani. Wakakaa hivyo muda mrefu, hakuna wa kumtisha mwenzake, Mwongeli akasinzia kidogo kwenye kiti. Jioni ilipokaribia akashtuka, akasema lazima aende kupika.

Mlango haukusogea.

"Nifungulie tu," alisema Mwongeli, akiupapasa kwa mkono ule mzima. "Nikichelewa ndiyo mbaya zaidi."

Mlango ukafunguka.