Fintan Garrity Alivyoshika Mpini wa Sululu

Tulipogoma, kampuni ya makaa ya mawe ilitutoa kwenye nyumba zake siku hiyohiyo. Walinzi wake walitupa vitanda nje kwenye theluji, na mama mzazi wa Janko, mchimbaji mwenzetu, wakamtupa pamoja na godoro lake. Tukapiga mahema kando ya reli, hapo hapo bondeni Tarrow, West Virginia.

Kiongozi wa chama chetu cha wachimbaji alikuwa Fintan Garrity, Mwairishi mrefu, mcheshi, mwenye meno machache. Mengine yaling'olewa na Stroud, mkuu wa walinzi, kwa kitako cha bunduki.

"Wakinimaliza meno nitakunywa uji," Fintan alisema. "Lakini silaha hapana, ndugu zangu. Tukifyatua risasi moja tu, watatuletea jeshi."

"Na wao wakifyatua?" Janko akauliza.

"Tunalala chini."

Janko akatema mate. "Hata kuku anapochinjwa hurusha mateke, Fintan."

Jumapili asubuhi, wanawake wakiwa wanakaanga viazi, gari la moshi lilikuja polepole. Behewa la mwisho lilikuwa limezungushiwa mabati. Mlango ukafunguliwa, risasi zikamiminika kama mvua ya mawe. Nililala kifudifudi kwenye tope, turubai zikichanika juu yangu.

Nuala, mke wa Fintan, alipigwa shingoni, kikaango mkononi. Fintan alimkuta mafuta ya moto yakimchuruzika kwenye vidole, naye hayasikii tena.

Kwenye kona, gari la moshi liliyumba, na mtu mmoja akadondoka mlangoni mwa lile behewa. Alikuwa Stroud, mguu umevunjika. Vijana wetu wakamburuta mpaka mbele ya Fintan.

"Haya, mwalimu," Janko akasema huku analia. "Huyu naye tumfundishe kulala chini?"

Stroud akacheka. "Huyu? Huyu ni wa maneno tu. Pole na mkeo, Garrity."

Fintan akaokota mpini wa sululu. Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili sikulitazama, nililisikia. Tulimvuta watu wazima wanne, akatushinda, akaendelea kupiga hata pale Stroud alipokuwa hana uso wa kupigwa.

Askari walikuja kabla ya jua kutua. Walikamata kila mwanamume aliyekuwa na damu nguoni, mimi na Janko tukiwemo. Mahakamani mwendesha mashtaka alitaka tunyongwe sote.

Fintan akasimama. "Waacheni. Niliua peke yangu."

"Mashahidi wanasema mlikuwa kundi."

"Kundi lilikuwa linanizuia, bwana. Muulizeni daktari wenu nani aliyechubuka viganja kwa mpini."

Wakamhukumu yeye peke yake. Nilimtembelea gerezani, nikamwambia kwamba Stroud alistahili kufa.

"Labda," akasema. "Lakini mpini ulipompata, nilisikia raha, kaka. Raha kama ya maji baridi. Nuala angeniona vile, angenikimbia."

Nilimpa tumbaku nikaondoka.

Alinyongwa theluji ilipoyeyuka. Padri alikataa kuja kaburini, basi Janko, asiyejua sala hata moja, akasimama akataja jina la Fintan na la Nuala, kisha akachukua koleo. Walinzi walitutazama kutoka barabarani, bunduki mabegani. Mgomo ulikuwa umekwisha kuvunjika. Kesho yake tukashuka tena mgodini.